Mfuko wa rambo kisheria ni kitu gani?

Chukua ule mfuko wa kitambaa-kitambaa unaouzwa dukani na gengeni, ukate ukingo wake, kisha usogeze kwenye moto wa kiberiti. Hauungui kama pamba. Unajikunja, unayeyuka, na ukipoa unaacha donge gumu. Hiyo ni polipropilini, yaani plastiki. Kila nikieleza hili swali ni lile lile: kama ni plastiki, mbona umeruhusiwa na rambo limekatazwa?

Jibu liko kwenye kifungu cha tafsiri, kile cha mwanzoni kinachoeleza maana ya maneno, ambacho watu wengi hukiruka wakitafuta faini. Kanuni za Tanzania Bara za kukataza mifuko ya plastiki, Tangazo la Serikali Na. 394 la 2019, zilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019. Hazikukataza plastiki. Zimekataza mfuko wa kubebea, na mfuko huo zikaueleza kuwa ni uliotengenezwa kwa utando wa plastiki, uwe na mishikio au usiwe nayo, uwe na mikunjo ya pembeni au usiwe nayo. Neno linalobeba mzigo wote hapo ni "utando". Rambo ni utando: plastiki iliyoyeyushwa ikapulizwa ikawa ngozi moja nyembamba isiyo na tundu. Mfuko usiofumwa, yaani ule wa kitambaa-kitambaa, hauna ngozi hiyo. Una nyuzi za plastiki zilizotandazwa ovyo na kubanwa kwa joto, na ukiushika kwenye mwanga utaziona nyuzi zenyewe na vidoa vidogo vya mahali zilipobanwa. Si kemia iliyoitofautisha mifuko hii miwili kisheria. Umbo ndilo lililoitofautisha.

Yale maneno ya "uwe na au usiwe na" yanachosha kusoma, lakini mwandishi wa sheria hakuwa anajaza karatasi. Sheria yenye adhabu husomwa kwa kubana: kisichotajwa hakimtii mtu hatiani. Ingesema tu "mfuko wenye mishikio", wiki ya pili kiwanda kingekata mishikio na biashara ingeendelea. Kenya walifunga mlango huo huo kwa njia yao. Tangazo lao la Februari 2017, lililoanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huo, lilitaja aina mbili: mfuko wa kubebea, wenye mishikio, na mfuko bapa, usio na mishikio. Zote mbili, ziwe na mikunjo ya pembeni au zisiwe nayo. Juala, kama wanavyoliita rambo huko, halikubaki na pa kujificha.

Rwanda ni mfano mwingine. Sheria yao ya 2008 ilitaja malighafi yenyewe, mifuko ya polithini, ile plastiki ya rambo. Ukitaja malighafi, umebaki na malighafi hiyo tu. Sheria ya 2019 iliyochukua nafasi yake ikapanuka hadi vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja.

Uganda nao wamepima unene: mpaka wao ni maikroni 30, chini ya hapo ni marufuku, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa utando kipimo hiki kinafanya kazi vizuri. Kunja tabaka kumi, pima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, gawanya kwa kumi. Kama huna maikromita, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 upime uzito. Polithini laini ya maikroni 30 itakupa takriban gramu 0.28. Lakini jaribu maikromita kwenye mfuko usiofumwa: kati ya nyuzi mna hewa, na taya za kifaa zikibana kidogo tu unene unabadilika. Ndiyo maana mifuko hii hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, ile GSM inayotajwa kila siku, na kwa Tanzania kiwango cha chini ni 70.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 ni sehemu ya mia ya mita ya mraba, kwa hiyo uzito wake kwa gramu ukizidisha kwa 100 umepata GSM. Mfuko mzuri utatoa gramu 0.70. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haifai kabisa. Tafuta ya sonara, inayosoma 0.01. Usikate penye mshono, maana pale ni tabaka mbili, wala penye maandishi mazito, kwa kuwa wino una uzito wake. Kata kwenye mifuko mitano tofauti, si mmoja, kwa sababu nyuzi hazitandazwi sawasawa kwenye roli.

Kuna njia ya mkato isiyoharibu mali. Mfuko wa sentimita 30 kwa 40 una pande mbili, jumla mita za mraba 0.24. Zidisha kwa 70: gramu 16.8. Ukiweka mfuko mzima kwenye mizani, pamoja na mishikio yake, na bado haufiki 16.8, hakuna haja ya mkasi. Wa GSM 40 utasoma takriban 10, na hapo muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake usimsikilize. Kipimo hiki ni cha kukulinda wewe unaponunua jumla. Mbele ya mkaguzi kinachohesabika ni cheti cha maabara.

Mahali penye kesi nyingi, kwa maoni yangu, ni kati ya kifungashio na kibebeo. Kanuni za 2019 zinaacha nje vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya tiba, kilimo, ujenzi, usindikaji wa vyakula, na vya usafi na taka. Mkate uliofungwa kiwandani uko salama. Chukua mfuko ule ule mweupe usio na jina, mtilie mteja nyanya, na umegeuka kibebeo ingawa hakuna kilichobadilika kwenye plastiki yake. Matumizi yameingia kwenye maana. Kenya wameliweka wazi zaidi: msamaha ni kwa ufungashaji wa kwanza, plastiki ikigusa bidhaa yenyewe, na kufanyika pale bidhaa inapotengenezwa. Na Tanzania anayekutwa na mfuko uliokatazwa mkononi faini yake haipungui shilingi 30,000 wala haizidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7.

Mtindo huu wa matumizi kuamua maana hauko kwenye mifuko tu. Sheria ya Madini, Sura 123, inaposema madini ya ujenzi inataja mawe, kokoto, mchanga, udongo wa mfinyanzi na majivu ya volkano, kisha inatoa nje jasi, mawe ya chokaa yanayochomwa kupata chokaa, na malighafi ya saruji. Jiwe la chokaa likipondwa kuwa kokoto ya barabara liko ndani; jiwe la shimo hilo hilo likienda tanurini liko nje. Kwa hiyo anayeomba leseni aandike jiwe linakwenda kufanya nini, si jina lake tu.