Mvua ya Mji wa Moshi, Bahari ya Hindi na Mvuke wa Mashambani

"Mtaalamu, tukipanda miti mvua zitarudi?" Hapa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, naulizwa hivyo kila mahali: kanisani, mikutano ya kijiji, hata sokoni Mbuyuni nikinunua ndizi. Wanaouliza ni watu wanaolima, na wameona vuli ikichelewa, kwa hiyo wanastahili jibu lenye hesabu.

Sehemu kubwa ya mvua zetu, masika na vuli, huletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Upepo ukigonga mlima hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Ndiyo maana mjini tunapata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, wakati msitu wa upande huu wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi, hupata karibu 3,000.

Maji yakishanyesha, mengine hurudi angani kutoka kwenye udongo na majani, kisha hunyesha tena. Kwa makadirio ya dunia nzima, kama asilimia 40 ya mvua ya nchi kavu inatokana na mvuke uliotoka nchi kavu. Ila eneo likiwa dogo, sehemu ya mvua inayotokana na mvuke wake lenyewe nayo hupungua sana. Mvuke hukaa angani kwa wastani siku 8 hadi 10, na kwa muda huo upepo umeshautoa nje ya wilaya, pengine nje ya nchi. Mgomba wa Kibosho unachangia mvua, lakini mara nyingi mvua hiyo humnyeshea mtu mwingine.

Sasa joto. Kwenye kituo chetu cha hali ya hewa tuna beseni la chuma la kupimia uvukizi, upana wa sentimita 120 hivi na kina cha 25, limefunikwa wavu ili ndege wasinywe. Kila siku saa tatu asubuhi tunasoma maji yameshuka kiasi gani. Tuseme yameshuka milimita 6: kwa hekta moja hizo ni lita 60,000 ambazo hewa ingechukua kwa siku moja kama maji yangekuwepo. Neno la kushika ni hilo "kama". Beseni linaonyesha kiu ya hewa tu. Shamba la mahindi la Kahe lililokauka mwezi wa pili halina cha kutoa, na jua ambalo lingetumika kuvukiza maji linaishia kuchoma ardhi. Kuvukiza lita moja hutumia karibu jouli milioni 2.5, kwa hiyo udongo ukikauka joto hilo lote linabaki hapa hapa chini, na mchana unazidi kuwa mkali.

Kila nyuzi 1 ya Selsiasi inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Wengi hudhani mvua nayo itaongezeka hivyo hivyo. Wastani wa mvua duniani huongezeka kwa asilimia 2 hadi 3 tu kwa kila nyuzi, maana mvuke ukigeuka mvua huachia joto, na angahewa lazima kwanza ilitoe joto hilo kwenda anga za juu. Tena nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, kwa hiyo upepo wa baharini haufiki na mvuke wa kutosha kuikidhi hewa ya bara. Unyevu wa hewa, ukilinganishwa na kiasi inachoweza kubeba, unashuka na kiu inapanda. Mvua ikija inamwagika kwa nguvu, na kati ya mvua na mvua udongo unakauka haraka kuliko zamani.

Je, udongo wenye maji huvuta mvua? Si lazima. Mwaka 2012 mtafiti Christopher Taylor na wenzake, wakitumia vipimo vya setilaiti, walionyesha kwamba mvua za alasiri hupenda kuangukia sehemu iliyo kavu kuliko majirani zake, hasa maeneo ya ukame kama Saheli, kusini mwa jangwa la Sahara.

Kuna jambo linaloniuma. Kwa miaka mingi watu wetu wameambiwa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha kwa sababu walikata miti. Mwaka 1912 barafu hiyo ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 ilibaki 1.76. Mtafiti Thomas Mölg na wenzake walipopiga hesabu, mwaka 2012, walikuta mchango wa mabadiliko ya uoto mlimani ni mdogo. Mwanakijiji wa Machame amebebeshwa lawama isiyo yake.

Msitu wenyewe tusiuchezee hata hivyo. Juu, karibu na mwisho wa miti, matawi na mimea midogo inayoning'inia juu yake kama ndevu hukamata ukungu, na maji hayo hudondoka chini bila kipimo cha mvua kuyahesabu. Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi moto ulivyoshusha mpaka wa juu wa msitu, na miti inayokamata ukungu imepungua pamoja nao. Ndiyo maana mioto kama ule wa Oktoba 2020 inanitia hofu kuliko shoka la kijijini, na nikipewa miche na vibarua, fedha ya kwanza ningeiweka kwenye kuzuia moto huko juu. Miche ningeipeleka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, pamoja na matandazo, ambako kivuli kinaupunguzia udongo jua.