Kitabu cha Kiingereza: kifungue katikati kabla ya kukinunua

Karibu kila kitabu cha kiada cha Kiingereza kinachochapishwa siku hizi kina alama ya ngazi kwenye jalada: A1, A2, B1 na kuendelea. Alama hizo zinatokana na mfumo wa ngazi za lugha uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, wenye ngazi sita kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mbobezi. Ni mfumo wenye manufaa, na umewarahisishia walimu, watahini na wachapishaji kuelewana. Lakini mnunuzi ajue kwamba Baraza hilo halikagui vitabu wala halitoi ithibati ya ngazi. Anayeandika A2 kwenye jalada ni mchapishaji mwenyewe. Ndiyo maana vitabu viwili vyenye alama ileile vinaweza kuachana mbali, kimoja kikimpa mwanafunzi habari ya mistari sita na kingine kikimtaka asome makala nzima.

Sisi tunaoandaa walimu wa lugha huwashauri wanunuzi, awe mkuu wa shule, mwalimu wa masomo ya jioni au mzazi, wasimalizie uchunguzi wao kwenye jalada na sura ya kwanza. Sura ya kwanza huwa nzuri katika kila kitabu, maana mchapishaji anajua ndiyo itakayotazamwa. Nenda sura ya tano au ya sita. Hapo ndipo utaona kitabu kinavyofanya kazi mwanafunzi akiwa amechoka kidogo, maneno yamekuwa mengi, na picha za kuvutia zimepungua.

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu wowote. Chukua habari moja kutoka sura hiyo, hesabu maneno mia moja mfululizo, kisha mpe mwanafunzi wa kiwango unachokusudia apige mstari chini ya maneno asiyoyajua. Watafiti wa msamiati, akiwemo Paul Nation, wameonyesha kwamba msomaji huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili asome kwa raha bila msaada, yaani maneno mageni mawili tu katika kila mia. Darasani, mwalimu akiwepo kusaidia, matano yanavumilika. Yakizidi kumi, mwanafunzi hasomi tena. Anafumbua mafumbo, na kipindi kitaishia kwenye kamusi.

Kipimo hicho kina udhaifu wake. Mwanafunzi anaweza kujua kila neno katika sentensi kama "She got over it" (yaani jambo lilimpita, halimsumbui tena) na bado asielewe kilichosemwa. Kwa hiyo baada ya kuhesabu, muulize habari ile ilihusu nini, naye akueleze kwa lugha yoyote anayoimudu.

Halafu soma maelekezo ya mazoezi, kwa sababu hapa vitabu vingi vya wanaoanza hujikwaa. Zoezi lenyewe linamtaka mwanafunzi aandike "is" au "are", lakini maelekezo yake yametumia Kiingereza ambacho mwanafunzi huyo atakifikia mwaka ujao. Kitabu kizuri cha wanaoanza hutumia maneno machache ya maelekezo, huyarudia yaleyale kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hutanguliza mfano mmoja uliokwisha kujibiwa.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Katika sura uliyofungua, hesabu ni mara ngapi mwanafunzi anatakiwa kusema au kuandika jambo ambalo kitabu chenyewe hakilijui. Zoezi la kujaza nafasi lina jibu moja, na jibu hilo limeshachapishwa nyuma ya kitabu. Swali kama "What do you do before you go to sleep?" halina jibu nyuma ya kitabu. Mwenye jibu ni mwanafunzi peke yake, na aliyeketi jirani ana sababu ya kusikiliza. Mazoezi ya kujaza nafasi si adui, kwani yanasaidia mkono na jicho kuzoea umbo jipya. Lakini sura nzima ikiwa imejaa hayo tu, mwanafunzi atapata alama nzuri daftarini na atanyamaza siku atakayokutana na mtu wa kuzungumza naye. Nikilazimika kuchagua kati ya kitabu chenye sarufi iliyopangwa vizuri sana kisicho na maswali ya aina hii, na kingine chenye mpangilio wa kawaida kinachomfanya mwanafunzi azungumze kila kipindi, nachukua cha pili bila kusita. Sarufi mwalimu anaweza kuipanga upya. Kutunga shughuli za mazungumzo kila siku kutoka kichwani ni kazi inayomchosha hata mwalimu hodari.

Kuna jambo ambalo orodha ya yaliyomo haiwezi kukuonyesha: kama maneno yanarudi. Neno likionekana mara moja katika sura ya pili kisha likapotea moja kwa moja, mwanafunzi atalisahau hata kama alilikariri kwa bidii. Chagua maneno matano mapya ya sura ya tatu, ufuatilie kama yanajitokeza katika sura ya nne, ya sita, ya nane. Kazi hii inachukua dakika chache, na inatenganisha haraka vitabu vilivyoandikwa na vile vilivyokusanywa tu.

Katika msamiati uohuo, angalia pia maneno yanavyopangwa. Vitabu vya wanaoanza hupenda kuweka pamoja rangi zote, ndugu wote, au maneno ya kinyume kama "left" na "right". Ukurasa unapendeza, lakini majaribio ya Thomas Tinkham ya mwaka 1993 na ya Rob Waring ya mwaka 1997 yalionyesha kwamba maneno mapya yenye maana za karibu yakifundishwa kwa pamoja huchanganyana na huchukua muda mrefu zaidi kujifunza. Huna haja ya kukikataa kitabu kwa hilo, maana vingi viko hivyo. Mwalimu afundishe "left" wiki hii, likishakaa ndipo alete "right". Tabu inakuja pale mwongozo wa mwalimu unapoagiza maneno kumi na mawili yaingie kwa siku moja.

Vitabu vinavyouzwa dunia nzima vina kasoro nyingine ambayo si ya uzembe: havijui mwanafunzi anazungumza lugha gani nyumbani. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mitego yake. Nafsi yetu ya tatu haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" hubadilishana nafasi hata katika kinywa cha mtu aliyesoma miaka mingi. "A" na "the" hatuna kabisa. Irabu zetu ni tano, kwa hiyo "ship" na "sheep" husikika kama neno moja. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, hivyo konsonanti zinazofuatana mwishoni mwa "asked" au "texts" ama hupotea ama huongezewa irabu, na ikipotea ile sauti ya mwisho wa "asked", wakati uliopita umepotea nayo. Tunasema "nimefika jana" bila kosa lolote, kisha tunaandika "I have arrived yesterday" badala ya "I arrived yesterday". Tazama kitabu kinatoa nafasi kiasi gani kwa mambo haya. Kama "the" imepewa robo ukurasa na haionekani tena, jua kwamba mwalimu atalazimika kuandaa mazoezi ya ziada, na uhesabu kazi hiyo mapema kama sehemu ya gharama ya kitabu.

Kwa anayeanza kabisa, sauti ni ya lazima. Maandishi ya Kiingereza hayamwambii msomaji neno linavyotamkwa. "Though", "through" na "tough" zinatosha kumkatisha tamaa aliyezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kitabu cha ngazi hii kisicho na rekodi za kusikiliza kimekamilika nusu tu. Hakikisha pia picha zinabeba maana, siyo kupamba ukurasa: funika maneno kwa mkono na uone kama picha peke yake inaeleza jambo. Na tafadhali, mtu mzima anayeanza asipewe kitabu cha watoto. Anahitaji lugha rahisi, lakini mada ziwe za mtu mzima kama kazi, afya, safari na fedha. Kuna na wale waliosoma Kiingereza zamani wakasahau. Hao huonekana wanaoanza siku ya kwanza, lakini baada ya wiki chache wanakimbia, na kitabu cha A1 kinawachosha. Wapimwe kwa mazungumzo mafupi kabla ya kununuliwa chochote.

Ngazi ya kati ina ugonjwa mwingine. Mwanafunzi anahisi amesimama mahali pamoja, na vitabu vingi vinamjibu kwa kumrudishia sarufi ileile kwa maneno mapya. Hapa tafuta kitabu kinachofundisha maneno yanayokwenda pamoja, kwamba Waingereza husema "make a decision" na "heavy rain", siyo maneno pwekepweke. Tafuta matini ndefu zaidi, na kusikiliza watu wanaokatizana na kusita kama wazungumzavyo kweli. Mwanafunzi wa ngazi hii anahitaji pia kusoma kwa wingi nje ya darasa, na hapo ndipo hadithi zilizorahisishwa kwa ngazi zinapofaa. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, hupangwa kwa idadi ya maneno ya msingi: hatua ya kwanza hutumia takriban maneno 400, ya tatu 1000, na ya sita 2500. Mwanafunzi achague hatua iliyo chini kidogo ya uwezo wake, siyo juu.

Tutenganishe pia kitabu cha kiada na kitabu cha sarufi, maana madukani hukaa rafu moja. English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka kwanza mwaka 1985, kiliandikwa kwa wanafunzi wa ngazi ya kati, na jalada lake limezoeleka kuwa la buluu. Anayeanza ana chake, Essential Grammar in Use, chenye jalada jekundu. Wanaoanza wengi hununua cha buluu kwa sababu ndicho wanachokisikia, kisha wanakwama kurasa za mwanzo na kujilaumu. Vyote viwili ni vya kujisomea na kufanyia marejeo, kwa hiyo visigeuzwe kuwa mpango mzima wa somo.

Suala la muda huwaumiza zaidi wanaonunua kwa ajili ya shule. Makadirio ya Cambridge, watahini wa Kiingereza, ni kwamba mwanafunzi huhitaji jumla ya saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili kufikia A2, na 350 hadi 400 kufikia B1. Darasa lenye saa mbili kwa wiki kwa wiki 40 lina saa 80 tu kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, kuahidi ngazi nzima kwa mwaka mmoja ni kujidanganya, na kitabu kinene kitabaki nusu. Baadhi ya vitabu huuzwa pia vikiwa vimegawanywa sehemu mbili, na kwa darasa kama hilo sehemu moja inatosha.

Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani? Chochote, mradi kitabu, rekodi na mtihani vifanane.

Mwongozo wa mwalimu uchunguzwe kama kitabu cha mwanafunzi, hasa kama walimu wenyewe ni wapya. Ule unaorudia majibu tu hauna faida. Mzuri hueleza makosa yanayotarajiwa na nini cha kufanya darasa likiwa kubwa. Anayejifunza peke yake ahakikishe majibu yamo. Kwa vitabu vilivyotumika, uliza habari za msimbo wa kufungulia mazoezi ya mtandaoni: mara nyingi hutumika mara moja, na mwenye kitabu wa kwanza ameshautumia. Kama rekodi ziko kwenye sidii, uliza kama kuna mashine ya kuzichezea. Umri wa kitabu wenyewe usikutishe sana. Mazungumzo kuhusu faksi yatachekesha darasa, lakini "is" na "are" hazijabadilika.

Mkibaki na vitabu viwili mnavyobishania, mwalimu mmoja achukue somo moja kutoka kila kitabu, mada ileile ikiwezekana, afundishe darasa lilelile katika wiki mbili zinazofuatana. Mwenzake akae nyuma na aandike mambo matatu tu: wanafunzi walizungumza Kiingereza dakika ngapi, mwalimu alilazimika kueleza maelekezo upya mara ngapi, na ni kipi alichoongeza ambacho hakimo kitabuni. Karatasi hizo mbili ziwekwe mezani siku ya kuamua, pamoja na maoni ya wanafunzi wachache waliokuwemo darasani.