Kwa nini mwenye nyumba wa Dar anadai kodi ya miezi sita?

Mkenya anayehamia Dar es Salaam kikazi hushtuka mapema, siku ileile ya kutafuta chumba. Bei yenyewe huenda isimsumbue. Dalali anampeleka Tabata au Sinza, anamwonyesha chumba na sebule, anamtajia shilingi 200,000 za Tanzania kwa mwezi, halafu anamalizia bila wasiwasi wowote: "Ila mama anachukua miezi sita." Hapo hesabu inageuka. Ni 1,200,000 kabla ya kushika ufunguo, na 200,000 nyingine ya dalali, maana ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja. Nairobi angelipa mwezi wa kwanza na dipoziti, akaingiza godoro lake jioni hiyohiyo.

Jibu la haraka ni kwamba wenye nyumba wa Dar wana tamaa. Sina nia ya kuwatetea, lakini tamaa haitoshi kueleza jambo hili. Wenye tamaa wako Nairobi pia, tena tele. Na mwenye tamaa halisi asingekubali kujifunga nusu mwaka wakati vyumba vya mtaani vinapanda bei. Angetaka kila mwisho wa mwezi apate mwanya wa kuongeza. Tuanze kwa kuuliza huyu mwenye nyumba ni nani hasa.

Mara nyingi ni mtu wa nyumba moja. Ile nyumba ya Kiswahili iliyojaa Magomeni, Ilala, Temeke na Manzese inamruhusu mtu wa kawaida kuwa na wapangaji: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna choo, bafu na jiko. Mwenyewe analala viwili, vinne anapangisha. Akifariki nyumba inabaki ya urithi, na si ajabu kukuta kila mtoto ana chumba anachokusanyia kodi yake. Hata wanaojenga leo Kimara au Kivule, vyumba vinne vya masta, kila kimoja na choo chake, kwenye mstari mmoja, wengi ni walimu, wauguzi, wenye maduka na wastaafu waliopata mafao.

Siasa nayo ina mkono wake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, sharti lililokuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ghorofa za katikati ya mji zikawa za umma. Nyumba ya vyumba sita kule Uswahilini haikuguswa. Biashara ya kupangisha ikabaki kwa watu wadogo, na mtu mdogo ana kiwanja, ana nia, mtaji hana.

Mtaji wake ndio ile miezi sita.

Dar haijajengwa kwa mkopo wa benki. Mikopo yote ya nyumba Tanzania haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, ingawa tangu 2010 kuna kampuni maalumu, TMRC, inayozipa benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu. Benki inataka hati, na sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya ardhi isiyopimwa, ambako mtu ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au leseni ya makazi akibahatika. Benki inataka pia mshahara unaoonekana. Basi watu hujenga kwa awamu: mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, yaani kuta bila paa, kisha boma linasimama likiota majani hadi pesa ya kupaua ipatikane.

Na ujenzi wa awamu una ukaidi wake. Huwezi kupaua kwa 200,000 za kila mwezi. Mbao za kenchi hununuliwa kwa mkupuo, bati vilevile, na fundi akishapanda juu anataka amalize ashuke. Laki mbili ikiingia tarehe 1, kufikia tarehe 10 imeshakuwa unga, nauli na sare ya shule. Milioni moja na laki mbili ikiingia siku moja, inakuwa paa. Hii ni kazi ileile inayofanywa na upatu: kuzikusanya pesa ndogo zisizokaa mkononi ziwe kitu kimoja kikubwa. Tofauti ni kwamba kwenye upatu kila mchezaji ana zamu yake ya kupokea, na hapa mpangaji anachangia tu.

Hivyo mpangaji ndiye benki, na mkopo wake hauna riba. Tuupime. Katika ile 1,200,000, laki mbili ni kodi ya mwezi huu, ni halali ya mwenye nyumba. Milioni moja iliyobaki ni deni. Mwezi wa pili deni linashuka hadi 800,000, halafu 600,000, 400,000, 200,000, na mwezi wa sita limekwisha. Ukilitoza riba ya benki, tuseme asilimia 18 kwa mwaka, jumla ya riba ni shilingi 45,000. Si pesa ya kupigania. Tatizo ni kwamba mama wa nyumba ya urithi hapewi mkopo huo. Anayempa haraka ni mtu wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani, na kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi deni lilelile lingemla 600,000, yaani nusu ya kodi yote aliyopokea. Sasa unaelewa kwa nini habembelezeki kwa urahisi. Ukimwambia apokee mwezi mmojammoja, unamnyima njia pekee ya kukopa bila kuumia.

Hofu nayo ipo. Wapangaji wengi wa Dar wanaishi kwa kipato cha siku: bodaboda, mama lishe, machinga. Wiki ikiwa mbaya, kodi ndiyo inayosubiri. Mpangaji akigoma kulipa na kugoma kutoka, njia ya sheria ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kesi inaweza kula muda na nauli kuliko kodi inayodaiwa. Kwa mwenye vyumba vinne, mgomo wa mtu mmoja ni robo ya kipato. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo suala la miezi mingapi limeachwa kwa mapatano, na kwenye mapatano mwenye funguo ndiye anayeanza kusema.

Kuna jambo dogo linaloonyesha nani ana nguvu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo, ambayo kisheria ni mzigo wa mwenye jengo, hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji. Inatarajiwa wawili hao wamalizane wenyewe. Mpangaji aliyekwenda kugonga mlango wa mama mwenye nyumba kudai 1,500 yake, bado sijakutana naye.

Na Nairobi? Huko historia ilipita njia nyingine. Mkoloni alimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia. Makazi yake yalikuwa ya mwajiri, ya reli au ya baraza la mji, na kodi iliandamana na mshahara. Sehemu kama Pumwani, ambako Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao za vyumba, zilikuwa chache, na wengi wa wenye nyumba wa mwanzo pale walikuwa wanawake. Leo kaya karibu tisa kati ya kumi Nairobi zimepanga. Ghorofa ndefu za Pipeline au Roysambu hujengwa na wawekezaji, mara nyingi kwa mkopo wa benki au Sacco, na rejesho la mkopo ni la kila mwezi, ndiyo maana na kodi inadaiwa kila mwezi. Jengo la vyumba 60 halitikiswi na mpangaji mmoja. Yuko msimamizi wa ploti anayekariri sura zote, kuna M-Pesa tangu 2007, na kuna tarehe 5. Ukiipita tarehe 5 unaweza kukuta mlango wako umetiwa kufuli la pili. Mpangaji wa Dar aliyekwisha kulipa nusu mwaka hajui presha hiyo, na hilo ni jambo la kuliweka kwenye mizani kabla ya kuusifu mtindo wa Nairobi.

Wapo wanaodhani dawa ni kupiga marufuku tu. Ghana ilijaribu mapema: sheria yake ya kodi za nyumba ya 1963 inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi sita kwa mpangaji mpya. Nenda Accra leo, utaombwa mwaka mmoja, hata miwili. Mahitaji ya mtaji hayakufutwa na sheria, wala hakuna aliyejitokeza kuyatimiza kwa njia nyingine.

Kwa mpangaji, mtindo huu una athari ambayo haizungumzwi sana. Mtu wa Nairobi haioni kodi yake ya nusu mwaka ikiwa imekaa pamoja, inampitia kidogokidogo. Wa Dar anaitafuta, anaihesabu, anaikabidhi, mara mbili kwa mwaka. Lazima ajiulize: hii si mifuko 70 ya saruji? Nadhani hapa ndipo inapotoka ile haraka ya watu wa Dar kuhamia "kwangu" Chanika au Mbagala ya ndani, kwenye nyumba isiyo na lipu, madirisha yamezibwa kwa mabati, umeme wa kuvuta kwa jirani. Kihesabu mara nyingi ni hasara. Nauli inakuwa mara mbili, maji ni ya boza, mtoto anaamka saa kumi kuwahi shule, na pesa iliyolala kwenye boma haizai kitu kwa miaka. Kupanga karibu na kazi kungemwachia zaidi mfukoni. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtu aliyetoka kukopa kwa shemeji ili atimize miezi sita. Miaka kadhaa baadaye huyohuyo anainua vyumba viwili vya uani, na wa kwanza akija kuulizia anamwambia bila kupepesa: miezi sita.

Siku hizi miezi mitatu inapatikana, kwa hiyo kujadiliana kunafaa, mradi ujue unajadiliana na nani. Kabla ya kutaja pesa, tembeza macho uani. Ukiona tripu ya mchanga imemwagwa karibuni au matofali yanamwagiliwa maji, usipoteze pumzi kuomba mwezi mmoja. Huyo ana fundi anayemdai. Mgeuzie kibao: sema uko tayari kulipa mwaka, ila kwa 170,000 badala ya 200,000, na mkataba useme kodi haipandi katika muda huo na inarudishwa ikiwa nyumba itauzwa. Ukikuta nyumba imekamilika zamani, kuta zimeanza kuchujuka na chumba kimekaa kitupu tangu mwezi uliopita, omba miezi mitatu, kisha nyamaza umwache yeye azungumze.