Benki, benchi na ukingo: neno "bank" lilikotoka

Juzi nililetewa tangazo la tahadhari ya mafuriko nilipitie kabla halijapelekwa vijijini. Lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kiingereza, na sentensi ya pili ilisema: "Wakazi wote waishio karibu na benki za mto wahamie sehemu za juu." Nikamfikiria mama aliyejenga hatua hamsini kutoka mtoni. Benki anayoijua yeye iko mjini, saa mbili kwa basi. Akisikia tangazo hilo atatulia kwake, kwa sababu halimhusu. Nikafuta, nikaandika "kingo za mto".

Nimefanya kazi ya tafsiri miaka mingi, na neno "bank" sijaacha kuliogopa. Kamusi kubwa za Kiingereza hulipa vidahizo zaidi ya kimoja, yaani huliorodhesha kama maneno kadhaa tofauti, kwa sababu liliingia katika lugha hiyo kwa milango tofauti.

Lile la mto lililetwa na Waskandinavia waliovamia Uingereza, na kuanzia karne ya 9 wakafanya makazi kaskazini na mashariki mwake. Kwao lilikuwa tuta, mwinuko wa ardhi. Ukilishika hivyo, maana nyingi zinajipanga zenyewe: ukingo wa mto, lundo la theluji, ukungu uliojikusanya kama ukuta. Rubani naye akiilaza ndege upande mmoja ili ikate kona, Kiingereza hutumia neno hilohilo, maana ndege imeinama kama ubavu wa tuta. Ramani za bahari zinaonyesha North Kenya Bank, nje ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Ni mahali ambapo sakafu ya bahari imeinuka, na wavuvi huenda huko kwa sababu pana samaki.

La fedha lilitoka Italia. Katika Zama za Kati wabadilisha fedha walikaa sokoni na benchi au meza ya kuhesabia sarafu, na meza hiyo iliitwa "banca". Taratibu jina la meza likawa jina la kazi, kisha la taasisi. Benki ya Monte dei Paschi ya mji wa Siena, iliyoanzishwa mwaka 1472, inaendelea hadi leo. Benki ya Uingereza ilifuata mwaka 1694. Na neno la Kiingereza la kufilisika, "bankrupt", ni "banca rotta" ya Kiitaliano, yaani benchi lililovunjika. Hata karamu, "banquet", ilianza kama benchi dogo.

Kuna na "bank" ya tatu, ya safu, iliyopitia Kifaransa: benchi la wapiga makasia ndani ya jahazi, kisha safu yoyote ya vitu vilivyopangwa, kama swichi ukutani.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Waitaliano nao hawakuwa na neno hilo tangu mwanzo. Walilipata kwa watu wa lugha za Kijerumani za kale, na mzizi wake ndio uliozaa "bench" ya Kiingereza. Tuta la Waskandinavia nalo huunganishwa na mzizi huohuo, wa kitu kirefu kilichoinuka. Kwa hiyo mchezaji anayekaa benchi na mteja anayepanga foleni benki wanatumia maneno ya ukoo mmoja, na sisi tumeyapokea yote mawili kupitia Kiingereza bila kujua kuwa ni ndugu.

Wajerumani wa leo wameyaacha yote mawili na umbo moja, "Bank", lakini wingi huyatenganisha: mabenchi ni "Bänke", mabenki ni "Banken". Sisi tunafanya jambo linalofanana na hilo kwa upatanisho. Ukisema "mbuzi huyu" kila mtu anamwona mnyama. Ukisema "mbuzi hii" wanaiona ile ya kukunia nazi. Kiingereza hakina msaada huo kwa "bank", hivyo mfasiri lazima asome sentensi nzima.

Si kwamba "benki" ni kosa kila mahali pasipo na pesa. Mwaka 1937 daktari Bernard Fantus wa Hospitali ya Cook County, Chicago, aliita hifadhi yake ya damu "blood bank", kwa kuwa damu iliwekwa na kutolewa kama akiba. "Benki ya damu" ni tafsiri sahihi kabisa, kwa sababu wazo la akiba limehama pamoja na neno.

Katika tangazo lile nilikuta neno hilo mara mbili zaidi. "Benki ya mchanga" nimeiandika "fungu la mchanga", neno ambalo mvuvi yeyote analo. Na palipoandikwa "Msiweke benki kwenye mvua kupungua", kwa sababu Kiingereza husema "bank on" kwa kutegemea jambo kama mtu anavyoamini benki yake, nimeandika: "Msitegemee kwamba mvua itapungua. Ondokeni mapema."