Kwa nini barabara hupotea machoni mvua ikinyesha usiku?

Vuli ya kwanza ilitukuta usiku kati ya Chalinze na Morogoro. Taa zangu zilikuwa zilezile zilizonitoa Dar, lakini lami ilipolowa tu, mbele pakawa peusi kama pamemwagwa wino. Nikasogeza uso karibu na kioo nikidhani wipa hazifuti. Zilikuwa zinafuta vizuri. Mwanga ndio ulikuwa haurudi.

Pitisha kiganja juu ya lami kavu: inakwaruza, ni kokoto tupu. Mwanga ukigonga kokoto zile hutawanyika kila upande, na kiasi kidogo kinachorejea machoni pa dereva ndicho kinachomwonyesha barabara. Mvua ikinyesha, maji hujaza vijishimo vyote na kutandaza utando laini kama kioo cha kujitazamia. Mwanga wako sasa unaruka juu ya utando huo na kwenda zake mbele, hadi machoni pa anayekuja. Wake nao unakuja kwako, ndiyo maana taa za lori moja huziona mara mbili, juu na chini. Hata mistari myeupe, ambayo rangi yake hunyunyiziwa chembe za kioo ili irudishe mwanga, huzama majini. Vile vijicho vya barabarani, vidude vya kuakisi mwanga vilivyopandwa kwenye lami, alivyovibuni Mwingereza Percy Shaw mwaka 1934, bado huonekana kwa sababu vimeinuka juu ya lami.

Utando huohuo unaokuficha njia ndio unaolegeza tairi. Dakika za mwanzo za mvua ni za kuogopwa hasa, kwani kiangazi kizima lami imekusanya oili, vumbi na unga wa mpira wa matairi. Manyunyu huvikoroga vyote vikawa ute. Mvua kubwa huuosha, ila huleta balaa jingine: tairi lililokwisha kashata, yale meno yake, haliwezi kuyasukuma maji pembeni, hivyo linapanda juu yake na kuelea. Utajua kwa usukani kuwa mwepesi ghafla. Hapo usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na unyooshe usukani mpaka tairi liguse chini tena.

Sasa piga hesabu. Kwa spidi 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Kwenye lami iliyolowa breki peke yake zinataka mita 60 hivi, bado hujahesabu sekunde ile ya kushtuka. Taa zikiwa zimeshushwa unaona mita 50 hivi, na kwenye maji hupungua. Kwa spidi 50 unasimama ndani ya mita 40 na ushei.

Nilikuwa nimeshuka hadi 50, Mikese ikiwa bado mbele, lilipojitokeza gunia la mkaa likitembea. Chini yake baiskeli, haina taa wala kiakisi, na kijana ameinama anasukuma pedali. Nilisimama nyuma yake nikiwa na nafasi ya kupumua.