Modeli yangu haikujua kupika maharage

Kazi yangu ni kuunda modeli za sera ya tabianchi, yaani hesabu za kompyuta zinazokisia sera fulani italeta nini, hasa upande wa nishati ya kupikia. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa na kaya zenye adabu kupita kiasi: gesi ikiwa nafuu kuliko mkaa, zote zinahama, na hewa ya ukaa inashuka. Nilimwonyesha mama mkwe ile grafu. Akaitazama, akauliza, "Na maharage wanapikia nini, mwanangu?"

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina mtungi na jiko la mkaa pamoja. Chai na mayai ni gesi. Maharage na makande ni mkaa, maana hukaa motoni muda mrefu na hakuna anayetaka mtungi umwishie katikati ya mwezi. Siku hizi sigawi kaya, nagawa vyungu: kila chakula na jiko lake.

Kosa la pili lilikuwa la pesa. Nilichukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, nikaigawanya kwa siku, gesi ikashinda. Lakini nani anauziwa gesi ya siku moja? Mkaa unapimwa kwa kopo, na kibarua analipwa jioni. Nilipoweka kikomo cha pesa iliyopo mkononi siku ile, ushindi wa gesi ukanywea.

Halafu siasa. Tumezoea kuchora kodi kama mstari ulionyooka hadi 2050. Tazama Kenya: VAT ya gesi iliondolewa 2016, ikarudi Julai 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022 (mwaka wa uchaguzi, tusisahau), ikaondolewa tena 2023. Tanzania nayo ilipiga marufuku mkaa 2006. Haikudumu, watu walipaswa kupika. Kwa hiyo naiendesha modeli mara maelfu, na kila mara sera ina uwezekano wa kugeuzwa, ambao unaongezeka bei inapopanda na kura zikikaribia.

Kinachotoka ni utando mpana wa matokeo yanayowezekana, si mstari mmoja, na wakubwa hawaupendi. Wao wanataka namba moja tu: je, tutafikia lile lengo la Tanzania la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034? Nami huanza kwa kuuliza: kwa chai, au hadi maharage?