Mhandisi wa jeshi na uwanja wa ndege wa vitani: maana ya dhana

Mhandisi wa jeshi wa viwanja vya ndege ni askari ambaye kazi yake ni kuipatia ndege ya vita mahali pa kutua na kuruka, karibu na mapigano kadiri inavyowezekana, na kuhakikisha kwamba mahali hapo panaendelea kutumika hata baada ya kupigwa mabomu. Sehemu hii ya pili ya maana ndiyo husahaulika. Watu wengi wakisikia jina hilo huwaza katapila, greda na lami, ilhali ujenzi ni nusu tu ya kazi, na pengine ndiyo nusu iliyo nyepesi.

Mhandisi wa kiraia huulizwa uwanja utadumu miaka mingapi. Mwenzake wa jeshi huulizwa ndege ya kwanza itatua lini. Akijibu kwamba anahitaji wiki mbili na makamanda wanataka siku tano, ni juu yake kupunguza upana, kuacha lami, na kukubali uwanja ambao baada ya miezi michache utakuwa umechakaa, mradi vita viwe vimekwisha kusonga mbele.

Kuna sababu nyingine ya mtu huyu kuvaa sare. Vita vya Pili vya Dunia vilipoenea Bahari ya Pasifiki mnamo Desemba 1941, zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa kiraia walikuwa wakijenga kituo cha kijeshi cha Marekani katika kisiwa cha Wake. Kisiwa kilipotekwa na Wajapani, watu hao walichukuliwa mateka, na 98 kati ya waliobakizwa hapo waliuawa Oktoba 1943. Raia akishika bunduki hana kinga anayopewa askari chini ya sheria za vita, na asiposhika hana cha kujitetea nacho. Kwa hiyo mwanzoni mwa 1942 jeshi la majini la Marekani liliunda vikosi vyake vya ujenzi, vilivyojulikana kama Seabees, na kuwaandikisha mafundi waliokwisha kubobea katika barabara, madaraja na bandari. Wengi wao walikuwa watu wazima, wakubwa kwa umri kuliko askari waliokuwa wakiwajengea.

Adui wa kwanza wa uwanja wa vitani, kabla ya mabomu, ni maji. Yeyote aliyewahi kusukuma basi lililozama katika udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika anafahamu kinachotokea: ardhi iliyobeba lori jana, leo haibebi hata baiskeli. Ndege ya kivita yenye uzito wa tani kadhaa huuweka uzito huo juu ya magurudumu machache madogo, tena kwa kishindo. Ndiyo maana mhandisi mzoefu huanza na mitaro, huinua mgongo wa njia ya kurukia ndege katikati ili mvua iteremke pembeni, na hushindilia udongo tabaka kwa tabaka. Kwa maoni yangu mtaro uliochimbwa vizuri umeokoa ndege nyingi kuliko watu wanavyodhani, lakini hakuna anayepiga picha ya mtaro.

Kisa kinachoieleza dhana hii vizuri kuliko vyote ni cha Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Wajapani walianza kujenga uwanja huko katikati ya 1942. Askari wa Marekani walitua Agosti 7, na kesho yake wakauteka kabla haujakamilika: njia ilikuwa imejengwa kutoka ncha zote mbili, na katikati likabaki pengo lisilojazwa. Mitambo mingi ya Wamarekani ilikuwa bado melini, na meli zenyewe zilikuwa zimeondoka kwa kuhofia mashambulizi. Wahandisi wakaimaliza kazi kwa rola, malori na vifaa vya Wajapani wenyewe, huku chakula chao kikiwa kwa sehemu mchele ulioachwa na adui. Agosti 20 zikatua ndege 31 za kivita. Uwanja huo uliitwa Henderson Field, kwa kumbukumbu ya rubani mmoja aliyeuawa katika mapigano ya Midway, kisiwa kingine cha Pasifiki.

Seabees walifika Septemba 1, na hapo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoonekana wazi. Njia ilikuwa ikitandikwa mabamba ya chuma yaliyotobolewa matundu, kila bamba likiwa na urefu wa mita 3 hivi, upana wa sentimita 38 na uzito wa kilo 30. Bamba moja hushikana na jingine kwa kulabu zinazoingia katika nafasi za jirani yake, kwa hiyo watu wawili waliozoea huweza kulilaza bila kuchomelea chochote. Bomu likianguka, hupasua mabamba na kuacha shimo. Seabees walipima uharibifu wa bomu la kawaida, wakafunga mafungu ya mabamba yanayotosha shimo moja na kuyapanga kando ya njia, kisha wakaficha malori yaliyokwisha kupakiwa mchanga na changarawe. Kamanda wao, Joseph Blundon, alieleza kwamba watu 100 waliweza kuziba shimo la bomu la ratili 500 (kilo 227 hivi) kwa dakika 40, mabamba mapya yakiwemo. Alisimulia pia saa moja ambayo walijaza mashimo 13 huku ndege zao zikizunguka angani zikisubiri kutua. Chakula hakikupikwa, kwa kuwa wapishi walikuwa wakipokezana mabamba, na koleo zilipopungua wengine walichota udongo kwa kofia zao za chuma.

Mabamba hayo yana gharama yake. Njia ya mita 1,500 kwa 45 hula karibu mabamba 58,000, yaani tani zaidi ya 1,700 za kusafirishwa kwa meli ambayo ingeweza kubeba risasi au chakula. Kwa sababu hiyo Waingereza walipojenga viwanja vya muda Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, mara nyingi walitandaza wavu wa nyaya, ulio mwepesi zaidi na unaofungwa kama mkeka. Vumbi la huko, hata hivyo, liliingia katika injini na kuziharibu, mpaka ikabidi zifungwe vichujio.

Kwenye visiwa vya Pasifiki jibu lilikuwa chini ya miguu: matumbawe. Yakipondwa, yakalowanishwa kwa maji ya bahari na kushindiliwa, hukauka yakawa magumu karibu kama zege. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambako nyumba za kale zimejengwa kwa mawe hayohayo na chokaa yake, hatashangaa. Kaskazini mwa kisiwa cha Tinian zilijengwa njia nne zenye urefu wa mita 2,590 hivi kila moja, na ni kutoka hapo ndege iliyoiangushia Hiroshima bomu la atomiki iliruka Agosti 6, 1945.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Uwanja wa Port Reitz, Mombasa, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ulijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa vita hivyo. Majeshi ya Uingereza yaliandikisha pia Waafrika wengi katika vikosi vya kazi za mikono, ambao magharibi mwa Kenya bado wanakumbukwa kwa jina la Panyako.

Ndege za leo zimeongeza sharti jingine. Injini ya jeti hufyonza hewa kwa nguvu, na jiwe dogo likiingia ndani huweza kuivunja. Kwa hiyo baada ya shimo kujazwa na kufunikwa, na kabla rubani hajaruhusiwa kutua, watu hupangwa mstari mmoja, bega kwa bega, wakatembea njia nzima wakiokota kokoto.